Simu ya Ploti Nzima

Kwa miaka mitano nilikuwa na simu moja, na kwa mitatu kati ya hiyo mitano watu walikuwa wakiniambia niitupe. Sikuona sababu. Ilikuwa inapiga, inapokea, inatoa picha, na mtandaoni iliingia ilipojisikia. Aliyeniambia kwamba simu yangu imezeeka nilimuuliza kama kwao sufuria ikishika masizi hununua nyingine. Wengi waliniachia hapo, si kwa sababu niliwashinda bali kwa sababu walichoka.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Ukipita Lindi, mtaa ninaoishi hapa Nairobi, ukaona kuku mwenye macho makubwa kwenye mlango wa kibanda cha chipsi, huyo ni wangu. Kawangware pia nimeacha alama zangu, hasa kwa vinyozi na mabucha. Simu niliibeba kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, kichwa juu, pamoja na brashi, ndiyo maana ilikuwa na madoadoa ya rangi ya kila mteja niliyewahi kumhudumia.

Nikubali kwamba ilikuwa na tabia zake. Kioo kilikuwa na ufa mmoja mrefu ambao nilikuwa nimeuzoea, nauruka kwa macho bila kufikiri. Kifuniko cha nyuma nilikifunga kwa raba kwa sababu betri ilikuwa imeanza kuvimba. Na ile spika ndogo ya kuweka sikioni ilikufa zamani, kwa hivyo kila aliyenipigia nilimsikiliza kwa spika kubwa, nikiwa nimeshika simu mbele ya mdomo wangu. Mimi nilisikia, aliyepiga alisikia, na ploti nzima ikasikia.

Vyumba vya ploti yetu ni vya mabati na vinatazamana, vitano huku na vitano kule, na katikati kuna uchochoro wa watu wawili wasionenepa. Kati ya chumba changu na cha jirani ni bati moja tu. Ukikohoa kwenye chumba cha kwanza, wa chumba cha kumi anakuambia pole. Kwa hivyo simu zangu zilikuwa mali ya umma. Kuna msichana wa mtaa wa Soweto East aliyeniacha kwa simu hiyo. Alipoanza kunieleza sababu zake nikasikia redio ya chumba cha pili ikipunguzwa ili wamsikie vizuri, na alipofika kwenye sababu ya tatu, mwanamume mmoja ng'ambo ya uchochoro akasema hapo dada amesema ukweli. Sikumwongelesha mtu huyo kwa wiki mbili, na sidhani kama aligundua.

Lakini aliyeifaidi simu ile kuliko wote alikuwa mama yangu.

Mama anaishi kwetu, upande wa ziwa, katika boma ambalo sisi watoto tulimwachia mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki na kuku. Dada yangu ameolewa karibu naye na humtazama, lakini jioni ni yangu. Kila siku saa kumi na mbili mama alipiga simu, na swali la kwanza lilikuwa nimekula nini. Mimi, kama mtoto yeyote mwenye heshima, nilimwambia nyama. Siku moja nilipomaliza kusema nyama, sauti ikatoka ng'ambo ya bati, ya juu na isiyo na huruma: "Sukuma wiki. Na ni sukuma tangu Jumatatu."

Huyo alikuwa jirani yangu, mama mmoja anayepika mandazi na kuyauza kwenye lango la ploti. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja walio mbali, na hana nyingine ya ndani ya nyumba. Mama akauliza huyo ni nani. Jirani akajibu mwenyewe. Kufikia mwisho wa simu hiyo walikuwa wameshazungumza kuhusu bei ya unga, miguu kuuma, na uvivu wangu wa kufua, na mimi nilikuwa nimebaki na kazi ya kushika simu.

Tangu siku hiyo mama hakuniamini tena mimi peke yangu. Nikimwambia jambo, alipaza sauti: "Mama wa ukutani, ni kweli?" Na mama wa ukutani alithibitisha au kukanusha huku mandazi yakichacharika kwenye mafuta. Wengine nao wakaingia. Ilifika mahali mama alianza simu kwa kusema, "Hamjambo nyote?" na vyumba vyote vikajibu kwa pamoja, "Hatujambo mathe," kama kanisani. Mimi nilijifanya nakasirika. Kusema kweli nilikuwa nakasirika, ila si sana.

Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Dada aliniambia kwamba amemkuta akimimina chai kando ya kikombe, na kwamba siku nyingine alimkaribisha mbuzi ndani na kumwonyesha kiti. Tulicheka kuhusu mbuzi. Kuhusu chai hatukucheka. Daktari wa huko alisema ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo tu, ila amechelewa tayari, na akiendelea kukaa itakuwa vigumu kumsaidia. Nikatafuta nafasi kwenye kliniki moja ya macho huku Nairobi, nikazungushwa sana, mwishowe nikapewa siku, Jumatano moja, wiki tatu mbele.

Mama akakataa. Nilimbembeleza jioni baada ya jioni. Alisema Nairobi ni ya watu wanaoona. Alisema kuku watalishwa na nani. Nilipojibu yote hayo akatoa sababu yenyewe.

"Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "nikifunikwa macho huko kwako, nani atanipeleka choo? Wewe?"

Redio ya chumba cha pili ikapunguzwa. Kisha bati likasema: "Mama, kuja tu. Mimi nitakupeleka. Choo iko karibu na najua pahali ubao imelegea."

Mama akauliza kama huyo ni mama wa ukutani, akaambiwa ndiye. "Basi nitakuja," akasema, na akahamia kwenye habari nyingine. Wiki nzima nilikuwa nimeomba, nimeahidi, nimetishia, na jirani alimaliza kazi hiyo bila kuacha kukanda unga. Iliniuma kidogo. Lakini siku hiyo nilinunua mandazi sita nisiyoyahitaji.

Sasa ndipo anaingia mzee wa Kawangware.

Mzee huyu ana ploti zake hapo tangu babu yake, na ni mzee wa kanisa, mtu wa koti hata jua likiwaka. Alikuwa amefungua kinyozi chini ya jengo lake, na hakutaka bango lenye nyuso za wanamuziki kama vinyozi wengine. Alitaka uso wake mwenyewe, wa wakati alipokuwa na miaka thelathini. Akanitumia picha kwa simu. Asubuhi ya kazi, nikiwa nimepanda ngazi, simu ikaponyoka mfukoni ikaanguka kwenye saruji. Niliiokota, nikaona inawaka, nikaisifu mbele ya watu. Nikapanda tena nikachora.

Kumbe ilipoanguka ilipata ufa mpya, mwembamba kama unywele. Ule wa zamani nilijua kuuruka, lakini huu hatukuwa tumejuana. Ulipita katikati ya unyusi wa kushoto wa mzee. Ningeisogeza picha kidogo tu ningegundua, lakini kioo upande huo kilikuwa kimegoma kuguswa. Nikaona kijana wa zamani mwenye unyusi uliokatwa mstari, ile staili ya vijana wa siku hizi, nikasema moyoni, kumbe mzee naye alikuwa moto. Nikauchora mstari huo kwa uangalifu mkubwa. Mikono yangu haijawahi kuchora mstari ulionyooka vile.

Mzee alifika saa nane akitoka kwenye mkutano wa kanisa. Alisimama chini ya bango, koti begani, akatazama juu kwa muda mrefu. Watu wa stendi ya bodaboda walikuwa tayari wameliona bango kabla yake, na walikuwa kimya kwa namna ya watu wanaongoja.

"Wewe," akasema, "hii umeniwekea kwa nyusi ni nini?"

Nikamwambia kwa heshima kwamba nimechora kilichoko kwenye picha. Nikashuka nikamwonyesha simu. Mzee akavaa miwani, akaichukua, akapitisha ukucha juu ya kioo polepole, kutoka kwenye paji la uso wake hadi nje ya picha, mpaka kwenye saa na alama ya betri. Akanirudishia.

"Hii si nyusi," akasema. "Hii ni simu yako imevunjika. Rekebisha uso wangu, na hiyo kitu usirudi nayo hapa."

Wale wa bodaboda ndipo wakacheka. Niliona haya, na mimi nikiona haya hukasirika. Nadhani watu wengi hubadilisha simu hivyo. Tunasema tulikaa chini tukapima, lakini hakuna aliyepima, tulikasirika tu tukiwa karibu na duka. Milango miwili kutoka pale kulikuwa na fundi wa simu, kijana mwenye kibanda cha dirisha moja, anayeuza pia za kubadilishana. Nikampa yangu nikaongeza kitu, akanipa nyingine, nyeusi, laini, inayoteleza mkononi kama sabuni. Aliniuliza ile ya zamani nataka aifanyie nini. Nikamwambia aitupe popote. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na simu sikioni bila kuongea na mtu, kwa raha tu ya kuiweka sikioni.

Saa kumi na mbili mama akapiga.

"Halo," nikasema.

"Halo? Halo?" akasema mama. "Uko wapi?"

Nikamwambia niko nyumbani. Akauliza nyumbani gani. Nikasema Lindi, chumbani kwangu, nimekaa kitandani. Akanyamaza, nikajua anasikiliza. Ng'ambo ya bati mafuta yalikuwa yakichacharika, mtoto wa chumba cha nne alikuwa analia kama kawaida, mtu alikuwa akivuta mtungi wa maji uchochoroni. Mimi nilisikia vyote. Mama hakusikia kitu.

"Hapana," akasema. "Hapo si kwako."

Nikabonyeza spika kubwa. Jirani akaita kwa nguvu zake zote, "Mama! Habari ya jioni!" mpaka bati likatetemeka. Simu ile mpya, kwa usafi wake, ilimhesabu jirani yangu kuwa kelele ikamfuta. Nikaishikilia kwenye ukuta kabisa. Mama akasema, "Sasa hata wewe umenyamaza."

Jirani hakukubali kushindwa. Alikuja mwenyewe chumbani, mikono imejaa unga, akaishika simu kwa vidole viwili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huyu ni mtu ambaye miaka yote ameongea na mama kupitia bati akiwa ameinama juu ya jiko, bila kujali. Alipoona simu nzuri mbele ya mdomo wake akasimama wima, akasafisha koo, akaongea kama msomaji wa matangazo kanisani.

"Hujambo mama mpendwa," akasema. "Ni matumaini yangu kwamba u buheri wa afya."

Nilimtazama. Sikujua kwamba maneno hayo anayo. Mama akaomba apewe mwanawe.

"Huyo mwanamke umemtoa wapi?" akaniuliza.

"Ni mama wa ukutani."

"Mama wa ukutani haongei hivyo. Huyo umemtafuta anidanganye."

Nikajaribu kumweleza habari za simu mpya. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo, maana kila kilichokuwa kweli kilikuwa hakisikiki. Alisema nimehama nikamficha. Alisema au nimefukuzwa kwa kukosa adabu, maana anajua hasira zangu zilitoka wapi. Mwisho akasema kwa utulivu, na utulivu wake ndio ulionitia hofu: "Sitakuja mahali hapana watu. Waambie hao wa macho wampe mtu mwingine hiyo siku." Akakata simu. Ilikuwa Alhamisi, na kliniki ilikuwa Jumatano iliyofuata.

Jirani alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, unga ukimdondoka mikononi. "Sauti yangu iko na shida?" akaniuliza. Nikamwambia haina. Akasema basi kwa nini alijisikia kama anasoma barua. Mimi nilikuwa nafikiria chai inayomiminwa kando ya kikombe.

Kesho yake jioni ploti nzima ilijaribu. Walikusanyika mlangoni kwangu, nikahesabu moja, mbili, tatu, na wote wakamsalimu mama kwa pamoja. Watu wa mtaa wa nyuma walitoka kuona kama kuna moto. Mama alisema amesikia kitu kama nyuki kwenye chupa, na akaniuliza nina umri gani wa kucheza michezo kama hiyo na mzazi.

Jumamosi asubuhi nikaenda Kawangware. Nilikuwa na deni la unyusi huko, ndiyo, lakini nilichofuata hasa ni simu yangu. Mzee nilimkuta mlangoni kwa kinyozi, na kabla sijafungua kopo la rangi akaniinulia mkono. Ndani kulikuwa na vijana watatu kwenye benchi. Akanivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu juzi wanakuja wakitaka kukatwa nyusi kama ya mzee wa bango.

"Wacha tu hivyo," akasema. "Lakini mtu wa kanisa akikuuliza, hukunichora mimi."

Yaani nilikuwa nimebadilisha simu kwa ajili ya mstari ambao hakuna aliyetaka kuufuta. Sikuwa na wakati wa kucheka. Nikaenda kwa fundi.

Simu yangu ilikuwa dirishani, na sikuitambua. Alikuwa ameiwekea kioo kipya, betri mpya, ameisugua madoa yote ya rangi mpaka imerudi kuwa kijivu, rangi ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Akaiinua kwa fahari.

"Buda, cheki vile imetoka," akasema. "Hata ya kusikilizia kwa sikio inafanya."

Nikamwomba anipigie kutoka kwenye ile mpya huku mimi nikiwa na ya zamani barabarani, kando ya mashine ya kusaga unga. Alinisikia vizuri kabisa, na mashine hakuisikia. Nikarudi nikamweleza kila kitu, mama, bati, mandazi, macho. Alinisikiliza akiwa na bisibisi mkononi, kisha akacheka kidogo, akageuza simu akanionyesha tundu dogo kwenye ukingo wa juu, dogo kama alama ya sindano.

"Hapa palikuwa pamezibwa na rangi, imekauka kabisa. Hii tundu ndiyo husikiza kelele ndio simu ijue kuitoa. Sasa yako ilikuwa haisikii, so inawachilia yote. Mimi nikaitoboa."

Nilisimama pale nikiifikiria hiyo rangi. Sijui ilikuwa ya bucha gani au ya kuku gani, lakini kwa miaka mitatu ndiyo iliyokuwa ikimpitisha jirani yangu hadi kwa mama. Nikamwambia fundi anirudishie simu yangu na azibe tundu. Akanitazama vibaya. Nikamuuliza basi kama anaweza kuziba ile mpya. Akasema ile ina matundu mengi, na hata yeye bado anayasoma. Nikarudi kwenye ombi la kwanza.

"Hapana, buda," akasema, na hakuwa anatania tena. "Mimi natengeneza. Kuharibu sijafunzwa. Mtu akipita aone naziba simu nzima na rangi, atasema aje?"

Nilimheshimu kwa hilo, maana mimi pia kuna kuku ambao nimekataa kuwachora vibaya. Tukaelewana hivi: angenirudishia simu yangu na kuchukua yake, na baada ya hapo mali ni yangu. Nikafungua kopo dogo la rangi nyeusi nililolileta kwa ajili ya unyusi wa mzee, nikatoa brashi yangu nyembamba kuliko zote, nikaweka tone moja juu ya tundu. Fundi aligeuka akatazama barabara mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia niipulize ikauke haraka, maana ufundi haumwachi mtu.

Jioni hiyo sikungoja. Nilipiga mimi, dakika tano kabla ya saa kumi na mbili, nikaweka spika, nikanyamaza. Mama akasema halo. Sikujibu. Mafuta yalichacharika. Mtungi ulikokotwa. Mtoto wa chumba cha nne, Mungu ambariki, akalia.

"Huyo mtoto hawajampeleka akaangaliwe masikio?" mama akauliza.

Nikaisogeza simu karibu na bati.

"Mama wa ukutani, uko?"

"Niko! Nitaenda wapi?" bati likajibu, na hakukuwa na mpendwa wala buheri.

Mama akacheka. Akasema alijua yule wa Alhamisi hakuwa yeye, kwamba yule alikuwa mwanamke wa maringo.

"Hakuwa mimi," jirani akasema.

Mama alifika Jumanne, dada akiwa amempandisha basi huko na mimi nikimpokea huku. Alipoingia kwenye uchochoro wetu watu walitoka. Aliwashika mikono mmoja mmoja, akiwasikiliza wakisema neno moja tu kabla ya kuwatambua: huyu ni wa redio, huyu ni wa kikohozi, huyu ndiye wa mtungi, punguza kuukokota utapasuka. Alipomfikia jirani hakungoja aseme kitu. Alinusa harufu ya mandazi akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mkoba, na hakuna aliyenikaribisha.

Kliniki waliruhusu mtu mmoja aingie naye, na mama hakusita kuchagua. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikisoma bango lao, lililochorwa vibaya sana. Siku iliyofuata walimfungua bandeji. Alipepesa macho, akatazama dirisha, akatazama mikono yake pande zote mbili, kisha akanitazama mimi kutoka juu hadi chini.

"Umekonda," akasema. "Kweli ni sukuma."

Aliporudi chumbani alikaa kitandani akikagua kila kitu, jiko, nguo zangu kwenye msumari, makopo ya rangi. Kisha akainuka akaweka kiganja kwenye bati la upande wa jirani. Upande wa pili jiko lilikuwa linawaka, na bati huwa na joto saa hizo.

"Hapa ndipo," akasema. Hakugeuka. "Wuoda, wewe ulidhani nakupigia kujua umekula nini. Mimi nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu. Ukianguka humu ndani, nilitaka kujua nani atasikia."

Iliniuma, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikitamani simu ya kuongea peke yangu. Kisha nikafurahi mpaka ikabidi nijifanye natafuta kiberiti. Nilikitafuta kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji chumba cha ukubwa ule.

Nilipogeuka mama alikuwa ameshika simu yangu, ameiweka karibu na jicho lake jipya, akiigeuza kwenye mwanga wa mlango. Aliisifu. Akasema ni simu nzuri, ila siijali, angalia uchafu huu hapa juu. Na kabla sijafungua mdomo alikuwa ametoa pini kwenye kitambaa chake, akachokonoa, na tone langu la rangi likatoka zima, jeusi, safi. Akaniletea kwenye ncha ya pini nilione.

Mtu hajaona hata kikombe kwa karibu miaka miwili, leo ameona doa la ukubwa wa chawa, nawe umgombeze? Nikamwambia asante.

Alikaa wiki moja akarudi kwa kuku wake. Siku ya pili baada ya kuondoka, saa kumi na mbili, nilikuwa kitandani na simu mkononi, na kando yangu kopo dogo la rangi nyeusi likiwa wazi na brashi juu yake. Nilikuwa nimepanga kuziba tena kabla hajapiga, lakini mkono ulikuwa unasita, na wakati nasita simu ikalia, nikaiweka kwenye spika.

Jirani alikuwa wa kwanza kumsalimu, kwa bidii, kupitia bati. Hakuna kilichofika. Mama aliniambia kuku wote wapo ila mmoja. Kisha akanyamaza, nikajua anasikiliza.

"Mama," nikasema, "watu wako. Ni hii simu tu, haiwatoi."

"Najua wako," akasema. "Si niliwaona?"

Ng'ambo ya bati jirani aliniuliza kama mama anamsikia. Nikamwambia anamsikia.

"Haya," mama akasema, "umekula nini?"

"Nyama."

"Sukuma," likasema bati.

Mama hakulisikia. "Sukuma," akasema naye, akaanza kunieleza habari za yule kuku aliyepotea, nami nikafunika kopo la rangi.